Jani Lasema Nini? Vihisi vya Mimea na Mbolea ya Naitrojeni

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka huu nimeona niandike juu ya mali moja ambayo wakulima wengi huitumia bila daftari, nayo ni mbolea ya naitrojeni. Nitaeleza jinsi vyombo viitwavyo vihisi vya mimea vinavyomsaidia mkulima wa ngano kujua kama shamba lake lahitaji mbolea, na kama lahitaji, ni kiasi gani. Halafu nitaonyesha kwamba siri kubwa ya vyombo hivyo ni kulinganisha, na kulinganisha hata sisi wa Junda twaweza.

Najua kuna atakayeuliza, "Ngano na Junda wapi na wapi?" Ni kweli, ngano haistawi hapa kwetu. Yataka baridi ya bara, kule Narok, Uasin Gishu, Nakuru na Timau. Sisi tuna minazi, mihogo, mahindi, kunde na mchicha. Lakini hebu fikiri mahamri ya asubuhi, kaimati za Ramadhani na chapati za jioni. Ngano inayolimwa Kenya haitutoshi, na sehemu kubwa ya tunayokula hununuliwa ng'ambo ikashushwa bandarini Kilindini. Mbolea nayo yaingilia mlango huo huo. Mwaka wa 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipopamba moto, bei ya ngano na bei ya mbolea zilipanda pamoja. Kwa hiyo mkulima wa Narok akitupa mbolea bure, hasara yake yatufikia hata sisi tulio ufuoni.

1. NAITROJENI NI NINI, NA KWA NINI NI GHALI?

Katika somo la Kemia tulifundishwa kwamba hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78 hivi. Ajabu ni kwamba mmea waweza kuogelea katika naitrojeni hiyo na bado ukafa njaa, kwa sababu hauwezi kuitumia ikiwa hewa. Mimea ya jamii ya kunde na maharagwe ndiyo yenye bahati, maana kuna bakteria katika mizizi yake wanaoigeuza hewa hiyo ikawa chakula. Ngano na mahindi hazina bahati hiyo.

Mwaka wa 1909 mwanakemia wa Kijerumani Fritz Haber alionyesha katika maabara jinsi ya kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni ili kupata amonia. Mwenzake Carl Bosch akaifanya kazi hiyo kuwa ya kiwanda, na mwaka wa 1913 kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kikaanza kutoa amonia kwa wingi. Mpaka leo mbolea nyingi ya naitrojeni hutoka katika njia hiyo, na haidrojeni yake hupatikana zaidi kutokana na gesi asilia. Ndiyo sababu bei ya gesi ikipanda, gunia la mbolea nalo hupanda.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Yurea ina naitrojeni asilimia 46. CAN ina asilimia 26. DAP, ambayo hutumiwa zaidi wakati wa kupanda, ina asilimia 18. Basi gunia la kilo 50 la yurea lina naitrojeni kilo 23, na gunia la CAN la uzito huo huo lina kilo 13 tu. Mwaka wa 2023 serikali iliuza mbolea ya ruzuku kwa shilingi 2,500 kwa gunia. Kwa bei hiyo, kilo moja ya naitrojeni katika yurea ni kama shilingi 109, na katika CAN ni kama shilingi 192. Mkulima anayenunua kwa kuangalia gunia tu, bila kuangalia tarakimu zilizoandikwa juu yake, hajui hasa amenunua nini.

2. MBOLEA HUENDA WAPI?

Mwaka wa 1999 wataalamu wawili wa Marekani, William Raun na Gordon Johnson, walikadiria kwamba kwa dunia nzima ni asilimia 33 tu ya naitrojeni inayotiwa katika mashamba ya nafaka ambayo huvunwa ndani ya punje. Turudi kwenye gunia letu la shilingi 2,500. Kwa kadirio hilo, shilingi 825 ndizo zinazoingia katika punje. Nyingine 1,675 je?

Sehemu yake hubaki katika mabua na udongoni. Sehemu nyingine hupaa. Yurea ikimwagwa juu ya udongo wenye joto na umajimaji bila kufukiwa, hugeuka amonia ikaenda na upepo. Na sehemu nyingine huyeyuka ikazama na maji ya mvua, hasa katika udongo wa kichanga kama huu wetu.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi wa Kisauni. Naitrojeni iliyozama huitwa naitreti, na mwisho wake ni majini. Hapa kwetu watu wengi hutumia maji ya visima. Sitaki kusema kwamba mbolea ndiyo adui wa kwanza wa visima vyetu, maana vyoo vya shimo vilivyo karibu na visima huleta naitreti pia, tena kila siku. Lakini ndoo ikiwa imejaa, kila tone huhesabiwa. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 50 za naitreti katika lita moja ya maji ya kunywa. Zikizidi, anayeathirika zaidi ni mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya chupa yaliyokorogwa kwa maji hayo, kwa kuwa damu yake hushindwa kubeba oksijeni vizuri.

Aidha, mbolea ikizidi mmea wenyewe hauna raha. Ngano iliyoshiba kupita kiasi hurefuka, shina likawa laini, na upepo ukija hulala chini. Ikisha kulala, mashine haiivuni vizuri. Kwa hiyo mkulima yuko baina ya moto na maji. Akipunguza mno, mavuno yapungua. Akizidisha, pesa zapotea, ngano yalala na maji yachafuka. Afanyeje? Amuulize nani? Jibu ni kwamba aliulize jani.

3. JANI NA MWANGA

Jani ni kama mnunuzi katika soko la Kongowea. Mwanga wa jua humfikia na rangi zote, naye huchagua anazozitaka na kuzirudisha asizozitaka. Klorofili, yaani ile chanikiwiti ya jani, hupenda sana mwanga mwekundu na wa buluu. Mwanga wa kijani huuchukua kidogo na kurudisha mwingi kuliko rangi hizo mbili, ndiyo maana macho yetu huliona jani kuwa la kijani. Kuna pia miale isiyoonekana kwa macho, iitwayo infraredi. Hiyo jani haliitaki kabisa, hivyo huirudisha kwa wingi.

Klorofili haijengwi bila naitrojeni. Mmea ukikosa naitrojeni, klorofili hupungua, jani huanza kuwa manjano, na mwanga mwekundu uliokuwa ukimezwa sasa huanza kurudishwa. Majani nayo huwa machache na madogo, kwa hiyo infraredi inayorudishwa hupungua. Basi ukipima mwanga mwekundu na infraredi zinazorudi kutoka shambani, umeusikia mmea ukisema.

4. VIHISI VYENYEWE

Kihisi ni chombo kinachopima mwanga huo. Namba inayotumiwa sana huitwa NDVI, na hesabu yake mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aiweza: chukua infraredi, toa nyekundu, kisha ugawanye kwa jumla ya infraredi na nyekundu.

Mfano wa kwanza: shamba larudisha infraredi 50 na nyekundu 10. Tofauti ni 40, jumla ni 60. Arubaini kugawanya kwa sitini ni 0.67.

Mfano wa pili: shamba larudisha infraredi 40 na nyekundu 20. Tofauti ni 20, jumla ni 60. Jibu ni 0.33.

Shamba la kwanza lina majani mengi ya kijani kuliko la pili. Udongo mtupu huwa na namba ndogo, na mimea iliyosongamana na kustawi hukaribia 0.9.

Vihisi viko vya aina nyingi. Kimoja kinachojulikana sana kwa ngano ni GreenSeeker, kilichotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oklahoma State, Marekani, katika miaka ya 1990. Raun niliyemtaja hapo juu alikuwa mmoja wa watafiti hao, pamoja na wahandisi Marvin Stone na John Solie. Chombo hiki hutoa mwanga wake chenyewe, kwa hiyo kuwe na mawingu au kuwe usiku, bado hupima. Kuna cha kushika mkononi na kuna vya kufungwa kwenye trekta. Vile vya trekta hupima mbele na kumwaga mbolea nyuma, kidogo penye rangi nzuri na zaidi penye uhaba, trekta likitembea.

Kingine ni SPAD, kilichotengenezwa na kampuni ya Minolta ya Japani. Hiki hubana jani moja kama kibanio cha nguo na kupima mwanga unaopenya.

Hata huko juu angani kuna vihisi. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ya kwanza ikiwa ilirushwa mwaka wa 2015, hupiga picha za mashamba, na picha hizo ni za bure. Kasoro yake ni kwamba mawingu huziziba.

Na kuna kimoja kisicho na betri wala waya. Ni chati ya rangi ya majani, yaani kipande cha plastiki chenye michirizi ya kijani, kutoka hafifu hadi iliyokolea. Asili yake ni Japani, na taasisi ya utafiti wa mpunga iitwayo IRRI, iliyoko Ufilipino, iliisambaza kwa wakulima wa mpunga wa Asia. Mkulima huchagua majani 10 ya juu yaliyokwisha kufunguka, huyakinga jua kwa mwili wake, kisha hulinganisha rangi moja baada ya nyingine. Kama zaidi ya nusu ya majani ni hafifu kuliko mchirizi uliowekwa kuwa mpaka, hutia mbolea. Kama sivyo, hungoja na kupima tena baada ya wiki moja au siku 10.

5. UKANDA WA SHIBE

Sasa twaja kwenye kiini cha somo. Tuseme kihisi kimekwambia shamba lako la ngano lina 0.50. Je, ni njaa au ni shibe? Huwezi kujua! Huenda mbegu hiyo ina rangi hafifu kwa asili yake. Huenda ilipandwa imetawanyika. Huenda mvua ilichelewa. Namba peke yake ni kama mtu akwambie "nina alama 50" bila kukwambia mtihani ulikuwa wa alama ngapi.

Watafiti wa Oklahoma walitatua jambo hili kwa njia nyepesi sana. Mapema katika msimu, mkulima hutia mbolea ya kutosha kabisa katika ukanda mmoja mwembamba unaokatiza shamba. Mimi nauita ukanda wa shibe, kwa sababu mimea iliyomo humo haina njaa ya naitrojeni. Shamba lililobaki hupewa kidogo. Halafu, kabla ya kutia mbolea ya kukuzia, wakati ngano imetoa machipukizi na inaanza kurefusha shina, hupima sehemu zote mbili na kugawanya.

Ukanda wa shibe ukiwa na 0.70 na shamba likiwa na 0.50, basi 0.70 kugawanya kwa 0.50 ni 1.4. Shamba lina njaa, na mbolea itajibu. Lakini ukanda ukiwa na 0.70 na shamba 0.68, jibu ni 1.03. Maana yake udongo wenyewe umelilisha shamba, na anayemwaga gunia zima hapo amwaga pesa. Mwaka mmoja shamba laweza kuwa na njaa, na mwaka wa pili shamba lile lile likawa na shibe, kwa sababu mvua na joto hubadilisha kiasi cha naitrojeni ambacho udongo hutoa. Kwa hiyo ukanda hutiwa kila msimu.

6. TULIYOYAONA HAPA JUNDA

Mtu atasema, "Hayo ni ya wenye matrekta." Na mimi nilitaka kuona kama yawezekana bila kihisi. Mjomba wangu hulima mahindi aina ya PH4, mbegu ya kwetu Pwani, katika kiwanja kilicho kati ya nyumba, wakati wa masika. Nilimwomba tutie ukanda wa mistari mitatu mbolea ya kutosha mapema, mahindi yakiwa na majani manne, nasi tukaifukia.

Akaniuliza, "Kwani mbolea waiokota, mwanangu?"

Nikamjibu, "Mjomba, ni mistari mitatu tu. Ikikosa kutufundisha kitu, hasara ni ndogo."

Mahindi yalipofika magotini tukasimama asubuhi, jua halijawa kali, tukatazama mistari ile na jirani zake. Upande wa juu, karibu na minazi, ukanda ulikuwa umekolea na mahindi ya pembeni yalikuwa hafifu, majani ya chini yakigeuka manjano kuanzia nchani na kufuata katikati ya jani. Mjomba akasema, "Haya yana ndaa." Lakini upande wa chini, ambako maji ya mvua hutuama, mahindi yote yalikuwa manjano, ya ndani ya ukanda na ya nje. Mbolea ilikuwa imetiwa na haikusaidia kitu! Pale tatizo lilikuwa maji yaliyozuia mizizi kupumua.

Basi mjomba alitia mbolea ya kukuzia upande wa juu peke yake, na upande wa chini akachimba mfereji. Alikuwa amepanga kununua gunia zima la CAN. Alinunua kilo 25. Zile pesa zilizobaki zilikwenda katika karo, nami nazijua vizuri kwa sababu karo yenyewe ilikuwa yangu.

7. MAMBO YA KUTAHADHARI

Kwanza, kihisi huona umanjano lakini hakijui sababu yake. Umanjano wa naitrojeni huanza majani ya chini, kwa sababu mmea huinyang'anya naitrojeni kutoka majani ya zamani na kuyapa machanga. Umanjano ukianza majani ya juu, huenda ni uhaba wa salfa au chuma. Ukiwa wa milia mirefu, huenda ni ugonjwa wa virusi. Hakuna yurea itakayoponya hayo.

Pili, jicho la binadamu hudanganyika. Rangi ya saa mbili asubuhi si rangi ya saa saba mchana, na hakuna mtu awezaye kukumbuka sawasawa kijani cha wiki iliyopita. Ndiyo maana yafaa vitu viwili visimame pamoja, wakati mmoja, mbele ya jicho moja.

Tatu, ukanda waweza hata kuipima mbolea yenyewe. Mwaka wa 2024 tulisoma magazetini habari za mbolea bandia walizouziwa wakulima. Ukanda uliopewa mbolea ukikataa kukolea ilhali maji si mengi na ugonjwa hakuna, mkulima ana haki ya kulitilia shaka gunia kabla hajamaliza pesa zake zote.

8. HITIMISHO

Ndugu zangu, trekta lenye kihisi huenda tusilipate leo wala kesho. Lakini tumeona kwamba chombo hicho, pamoja na mwanga wake wote, hakijui kitu mpaka kipewe cha kulinganisha. Mistari mitatu ya mahindi ni daftari tosha kwa mkulima mdogo. Kabla hujamwaga gunia zima, lishibishe shamba kidogo pembeni, ungoje, utazame. Ukiona tofauti, tia. Usipoiona, iweke pesa yako mfukoni na naitreti ibaki nje ya kisima.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Shamba la ngano larudisha infraredi 45 na nyekundu 15. Tafuta NDVI yake.
2. Ukanda wa shibe una 0.72 na shamba lina 0.60. Je, shamba laonyesha njaa? Onyesha hesabu.
3. Kwa nini namba ya kihisi peke yake haitoshi?
4. Mahindi ya jirani yako yamekuwa manjano majani ya juu tu. Utamshauri atie yurea? Toa sababu.
5. Jadili methali "Mali bila daftari hupotea bila habari" ukitumia mfano wa gunia la mbolea.

MSAMIATI

Kihisi: chombo kinachotambua na kupima kitu kama vile mwanga au joto.
Mbolea ya kukuzia: mbolea itiwayo mmea ukiwa umekwisha kuota.
Machipukizi: vijishina vinavyotoka kando ya shina la kwanza la ngano.
Naitreti: naitrojeni iliyo katika hali ya kuyeyuka majini na kunyonywa na mizizi.
Ruzuku: fedha za serikali zinazopunguza bei ya bidhaa.